MASHINE HAINA UKAIDI

(Hotuba iliyotolewa na mmoja wa wanafunzi wa zamani mbele ya wenzake, walimu na wanafunzi, siku ya mkutano wetu wa mwaka)



Nilipokuwa mwanafunzi nilisimama mahali hapa mara moja tu, na siku hiyo nilisimamishwa kwa kuchelewa paredi.

Ndugu Katibu aliniandikia akinitaka nieleze kazi yangu na mambo ninayoyapenda, ili vijana wapate kujua mtu aliyepita hapa aweza kufanya nini. Nilimjibu kwamba mimi ni mtumishi wa Serikali ninayeandika programu za mtandaoni; kwamba nyumbani nina sanduku la vidude vya elektroniki nilivyovifungua na vingine sijavifunga mpaka leo; na kwamba kila nipatapo likizo hupanda milima kwa baiskeli. Akanijibu kwa kifupi: "Zungumza juu ya yote matatu, lakini usituchoshe." Nitajitahidi.

Mke wangu huyaita mambo hayo magonjwa matatu ya mtu mmoja. Mimi naona ni jambo moja tu. Nililifunzwa hapa hapa shuleni, tena si darasani, bali nyuma ya jiko. Baadaye nikalisahau, na kusahau kwangu kukawaumiza watu wasio na hatia. Ndiyo sababu nimekubali kuja kusema.

Baiskeli ya Mwalimu

Mwaka 1996 nilikuwa Kidato cha Pili. Mwalimu wetu wa hisabati alikuwa na baiskeli aina ya Phoenix, nyeusi, yenye kengele iliyosikika kabla yake mwenyewe hajaonekana. Wale wa rika langu wanaikumbuka, maana ndiyo iliyotupa nafasi ya kuficha tulichokuwa tukikifanya.

Jumamosi moja alinipa kazi ya kuiosha. Nilipomaliza nikataka kuipanda kidogo, kama kijana yeyote angetaka. Mnyororo ukachomoka. Nikaurudisha, ukachomoka tena. Mara ya nne nikaipiga teke. Sikujua kwamba Mwalimu alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko na kikombe cha chai mkononi.

Hakunichapa. Alisema, "Baiskeli haina ukaidi. Igeuze, izungushe, utazame."

Tukaigeuza, ikasimama juu ya tandiko na usukani, magurudumu hewani. Akaniambia nizungushe pedali polepole kwa mkono, nisiseme neno, nitazame tu. Baada ya muda nikaona: gurudumu la nyuma lilikuwa limevutwa upande, kwa hiyo mnyororo ulikuwa ukipita mshazari. Tukalegeza nati mbili, tukalinyosha gurudumu, tukakaza. Mnyororo haukuchomoka tena.

Kisha akanihesabisha meno ya gia. Akasema, ikiwa mbele kuna meno 48 na nyuma meno 16, pedali ikizunguka mara moja, gurudumu litazunguka mara ngapi? Nikasema mara tatu. Akasema, "Basi uwiano ndio huo. Jumatatu usiniambie huuelewi."

Maneno yake mengine ya siku ile nimeyabeba mpaka leo: kila mashine hufanya vile ilivyotengenezwa, ikifanya usilolitaka, ipo sababu, na sababu ina mahali pake, kazi yako ni kupatafuta mahali hapo kwa macho, si kwa teke.

Ukurasa na kilichomo ndani yake

Ninyi vijana huenda mkashangaa kusikia kwamba Tanzania iliwahi kuzuia kompyuta. Serikali yetu ilianza kutumia kompyuta katika Wizara ya Fedha miaka ya 1960, lakini mwaka 1974 ikatolewa amri ya kuzuia kuingizwa nchini kompyuta na televisheni. Amri ile ililegezwa baadaye, hata hivyo kwa shule kama yetu kompyuta ilibaki kuwa kitu cha kusikia. Nilipomaliza Kidato cha Nne mwaka 1998 sikuwa nimeigusa hata moja.

Nilikutana nayo mwaka 2001 nilipofika Chuo Kikuu. Tulikuwa tukienda kwenye vibanda vya intaneti mjini, tukilipa kwa saa, na saa ile ilikuwa ikikimbia kuliko saa nyingine zote duniani. Siku moja rafiki yangu alinionyesha kwamba ukibonyeza mahali fulani, ukurasa wa mtandaoni hukufunulia maandishi yaliyoutengeneza. Nikaona maneno na alama zilizopangwa mstari kwa mstari: hapa kichwa cha habari, hapa picha, hapa kiungo cha kukupeleka kwingine. Nikahisi kama siku ile nyuma ya jiko. Ukurasa umegeuzwa magurudumu juu, nami naruhusiwa kutazama! Nikaunakili kwenye disketi, nikaenda nao kwenye maabara ya chuo, nikabadilisha mstari mmoja nione kitatokea nini. Hivyo ndivyo nilivyojifunza.

Niruhusuni nieleze kwa maneno machache kazi hii inavyokwenda. Unapofungua tovuti, simu yako au kompyuta yako hutuma ombi kwa kompyuta nyingine iliyo mbali, tunayoiita seva. Seva husoma ombi, ikihitajika huenda kutazama katika hifadhidata, yaani masijala yake, kisha hurudisha jibu. Jibu hilo ni maandishi tu. Programu iliyo kwako, iitwayo kivinjari, huyasoma na kuyachora yawe ukurasa. Mwandishi wa programu huandika pande zote mbili: namna ukurasa utakavyoonekana, na namna seva itakavyojibu. Ni kama karani wa masijala na barua yake, isipokuwa karani huyu hufanya kile tu ulichomwandikia, wala hakuulizi swali.

Mfumo huu ulibuniwa na Mwingereza Tim Berners-Lee, aliyetoa pendekezo lake mwaka 1989 akiwa kwenye kituo cha utafiti cha CERN, karibu na Geneva. Tarehe 30 Aprili 1993 kituo hicho kiliutoa kwa ulimwengu wote bila kudai malipo. Nawaombeni mlifikiri jambo hilo. Kama wangeufunga kwa kufuli na kuuza ufunguo, kijana mwenye disketi moja Dar es Salaam asingepata nafasi ya kuchungulia. Hata lugha ya JavaScript, ambayo siku hizi huendesha kurasa karibu zote duniani, iliandikwa na mtu mmoja, Brendan Eich, mwaka 1995, na toleo la kwanza alilimaliza kwa siku kumi. Ina makosa ya haraka ile mpaka leo, nasi tumejifunza kuishi nayo.

Ule ugonjwa wangu wa pili, wa vidude, ulitokana na hamu hiyo hiyo. Nimefungua redio, chaja, simu zilizozimika na saa ya ukutani ya mama mkwe, ambayo nililazimika kununua nyingine. Mwaka 2012 watu wa Cambridge, Uingereza, walianza kuuza kompyuta ndogo iitwayo Raspberry Pi, yenye ukubwa kama wa kadi ya benki, kwa bei ya dola 35. Haikuja na sanduku. Ilikuja uchi, vipande vyake vyote vikionekana, maana ilikusudiwa wanafunzi. Ninayo moja nyumbani. Imekuwa seva yangu ya kujifunzia, na watoto wangu huandika kurasa zao humo hata pasipo intaneti. Lakini simu nyingi tunazonunua siku hizi zimebandikwa kwa gundi, na kuzifungua ni kazi ya fundi mwenye vifaa maalumu. Kidogo kidogo tunazoea vyombo tusivyoweza kuvitazama ndani, na mtu akikosa kutazama ndani, huanza kuamini kwamba chombo kina hiari yake mwenyewe.

Mlimani

Sasa nije kwenye baiskeli ya milimani, jambo ambalo wakubwa zangu kazini huniuliza kama ni utani.

Baiskeli hii ina tairi pana zenye meno, gia nyingi nyepesi za kupandia, na breki zenye nguvu. Asili yake si kiwanda. Katika miaka ya 1970, kaskazini kidogo ya San Francisco, Marekani, vijana kadhaa walikuwa wakiokota baiskeli kuukuu zenye matairi manene, za tangu miaka ya 1930 na 1940, wakizipandisha Mlima Tamalpais na milima ya jirani kisha kushuka nazo kwa kasi. Tarehe 21 Oktoba 1976 walifanya shindano la kwanza katika njia moja ya vumbi yenye urefu wa kilometa zaidi ya 3, inayoshuka kiasi cha meta 400. Njia hiyo waliiita Repack. Breki zilizokuwa ndani ya kitovu cha gurudumu zilipata moto mpaka grisi ikageuka moshi, na kila baada ya kushuka iliwabidi wafungue kitovu na kukijaza grisi upya. Ndiyo maana ya jina hilo.

Vijana wale hawakuzipiga baiskeli mateke. Walitazama kilichovunjika wakatengeneza kilicho bora. Joe Breeze aliunda fremu mpya kwa kazi hiyo mwaka 1977. Mwaka 1979 Gary Fisher na Charlie Kelly walianza biashara ya kuziuza, fremu zikitengenezwa na Tom Ritchey. Mwaka 1996, mwaka ule ule nilipopiga teke Phoenix ya Mwalimu, mchezo huu uliingia katika Michezo ya Olimpiki kule Atlanta.

Jambo linalonifurahisha ni kwamba wakati ule ule, katika eneo lile lile la San Francisco, upande wa kusini, kundi jingine la vijana lilikuwa likikutana kuonyeshana kompyuta walizojiundia wenyewe. Mkutano wao wa kwanza ulifanyika Machi 1975 katika gereji ya nyumba moja huko Menlo Park. Katika mikutano ya kundi hilo Steve Wozniak alionyesha kompyuta iliyokuja kuitwa Apple I. Na mwenzake, Steve Jobs, baadaye alipenda kuifananisha kompyuta na baiskeli, kwa sababu alikuwa amesoma makala moja katika jarida la Scientific American. Makala hiyo ya mwaka 1973 ilionyesha kwamba binadamu akiwa juu ya baiskeli hutumia kiasi cha sehemu moja ya tano tu ya nguvu ambayo angeitumia kutembea umbali ule ule, na kwa hesabu hiyo huwashinda wanyama wote. Nilipolisoma jambo hili nilimpelekea mke wangu, nimthibitishie kwamba magonjwa yangu yana ukoo mmoja. Akasema ukoo wenyewe ni wa kurithiana.

Mimi hupendelea milima ya Usambara. Njia za Lushoto zina ubaridi, zina mashamba ya kabichi na viazi pande zote, na kila unapodhani mlima umekwisha hukuta mtoto mwenye kuni kichwani akikuambia, "Bado, Mjomba." Miaka kadhaa iliyopita niliteremka kutoka Lushoto hadi Soni kwa njia za vichochoro, nikiwa na baiskeli niliyoiwekea akiba mwaka mzima. Kabla ya kufika nikagonga jiwe. Ule mkono wa nyuma unaohamisha mnyororo kutoka gia hadi gia ukapinda na kuingia kwenye njiti za gurudumu. Mlima wa kurudi ulikuwa mbele yangu, na jua lilikuwa limeanza kushuka.

Chini ya mti alikuwapo fundi mmoja, mzee wa makamo, akiziba pancha ya baiskeli ya kubebea mboga. Nilimwamkia, nikamwonyesha, nikatangulia kumwambia kwamba aina hii haina vipuri hapa nchini, hivyo asijisumbue. Hakunijibu. Aliipokea, akaigeuza magurudumu juu, akazungusha pedali kwa mkono, akatazama. Kisha akauliza, "Unataka gia zote, au unataka kufika?" Nikasema nataka kufika. Akaufungua ule mkono akanikabidhi. Akautoa pini mnyororo kwa msumari na nyundo, akapunguza vipande, akauunga upya ukapita kwenye gia moja tu ya nyuma. Nikapanda mlima kwa gia ile moja, nikisukuma kwa miguu sehemu za mwinuko mkali, nikafika Lushoto usiku umeingia, lakini nimefika.

Usiku ule niliona haya. Fundi yule hakuwahi kuiona baiskeli kama yangu, wala hakuwa na kitabu chake. Alikuwa na ile tabia tu ya kugeuza na kuzungusha. Nami niliyefunzwa tabia hiyo utotoni nilikuwa nimeanza kutegemea vipuri. Hii ndiyo iwe njia ya kuingia katika habari niliyokuja kuisema.

Jina lililokataliwa

Mwaka 2015 ofisi moja niliyokuwa nikiitumikia ilinipa kazi ya kuandika programu ya kuhakiki wastaafu. Karani angekaa kaunta, mstaafu angeleta barua zake, jina lingeandikwa kwenye fomu mtandaoni, kompyuta ingelilinganisha na jalada la utumishi. Likilingana, pensheni inaendelea. Lisipolingana, pensheni inasimama mpaka jambo lichunguzwe. Kusudi lilikuwa jema, yaani kuzuia malipo ya watu wasiokuwapo.

Sasa nitawaeleza kosa langu. Seva inapotafuta jina katika hifadhidata huandikiwa amri, na ndani ya amri hiyo jina huwekwa katikati ya alama mbili ndogo, moja mwanzoni na moja mwishoni. Alama hiyo ndiyo hii hii tunayoiita ritifaa, ile tunayoitia katika neno ng'ombe. Ikiwa jina lenyewe lina ritifaa ndani yake, kompyuta hudhani jina limeishia hapo, na yanayofuata huyasoma kama sehemu ya amri. Mwizi mwenye akili huweza kutumia ufa huo: mahali pa jina akaandika amri zake. Hatari hiyo inajulikana tangu miaka ya 1990, na dawa yake inajulikana pia: amri ipelekwe peke yake, na jina lipelekwe peke yake, visichanganywe.

Mimi niliijua dawa hiyo. Lakini kuitumia ingehitaji kuandika upya sehemu kubwa ya kazi, na ilikuwa Ijumaa, na programu ilikuwa izinduliwe Jumatatu. Nikachagua njia ya mkato. Nikaandika mstari mmoja wenye kusema: jina liwe na herufi za A hadi Z na nafasi tu, kinyume cha hapo, fomu ijibu, "Jina si sahihi." Nikaijaribu kwa majina ya watu wote wa ofisini kwetu. Yote yakakubaliwa. Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa na ritifaa katika jina lake. Nikafunga kompyuta nikaenda kupanda baiskeli.

Ndugu zangu, nyote mnajua kwamba katika nchi hii, hasa kwa wenzetu wa Usukumani, majina yenye ng' ni mengi. Makarani kaunta walipoona fomu inakataa, wakabuni njia yao: wakayaandika bila ritifaa. Fomu ikapokea. Lakini jina lililoandikwa halikulingana tena na jina lililo katika jalada. Kompyuta ikawaweka wazee hao katika orodha ya wasiothibitishwa, na malipo yao yakasimama. Walipokuja kuuliza, waliambiwa maneno mnayoyajua: "Mzee, mtandao umekataa jina lako."

Jioni moja nikapigiwa simu. Alikuwa Mwalimu wetu wa hisabati. Nilimwamkia, akaitikia, akaniuliza hali ya watoto. Ndipo akasema kwamba amekwenda mara tatu kwa basi, mwezi wa pili unakwisha hajapata pensheni, na kwa kuwa alisikia mimi ni mtu wa kompyuta, aliona aniulize. Alisema, "Jina hili ninalo mwaka wa sabini na mbili. Waliliandika shuleni enzi za ukoloni, Serikali imeliandika kwenye barua ya ajira, benki wanaliandika. Huyu mtandao ni nani hata alikatae?"

Sikupata jibu upesi. Yeye hakujua ni nani aliyeiandika programu ile. Ningeweza kusema, "Mwalimu, nitafuatilia," nikaifuta ile mistari usiku, na asubuhi kila mtu angesema mtandao umerudi. Nilifikiri hivyo kweli, nisiwafiche. Kisha nikamwambia, "Mwalimu, si mtandao. Ni mimi."

Naye akanyamaza. Halafu akauliza, "Umeigeuza ukaizungusha?"

Nikasema, "Sijaigeuza, Mwalimu."

"Basi igeuze."

Kesho yake nilimwandikia mkuu wangu wa kazi barua nikieleza kosa na mkosaji. Tuliifumua programu, tukatia ile dawa niliyoikwepa, tukaipitia orodha nzima ya wasiothibitishwa. Majina yaliyoharibiwa na mstari wangu mmoja yalijaza kurasa kadhaa. Walilipwa malimbikizo yao. Lakini mzee mmoja katika orodha ile alikuwa amekwisha fariki, na malimbikizo yake yalipokewa na mjane wake. Sisemi kwamba ritifaa ilimwua. Nasema kwamba katika miezi yake ya mwisho, Serikali aliyoitumikia ilimhesabu kuwa mtu asiyejulikana, na maneno yaliyomfanya hivyo niliyaandika mimi kwa sababu ya haraka ya Ijumaa.

Tangu hapo nimejiwekea taratibu tatu. Kwanza, sijaribu programu kwa majina yanayofanana na langu. Huanza na yale yasiyofanana. Nina orodha yenye majina ya ritifaa, majina ya neno moja, majina marefu kuliko mstari. Pili, kila fomu ninayoiandika inapokataa, lazima iseme inakataa nini na kwa nini, na itoe namba ya simu ya ofisi ya watu walioiandika. Tatu, kila mwezi hukaa siku moja kaunta pamoja na makarani. Siku hiyo moja hunifunza mambo kuliko semina nyingi nilizohudhuria.

Ombi langu

Kwenu wadogo zangu. Siku hizi zipo hata mashine za akili bandia zinazoweza kuandika programu ukiziagiza. Nazitumia, zinasaidia. Lakini na zenyewe huandika mistari ya Ijumaa, tena kwa haraka kuliko mimi, na zitakupa kazi inayoonekana imekamilika. Mtu asiyeweza kuigeuza kazi hiyo na kuitazama ndani atakuwa karani wa kusema "mtandao umekataa" maisha yake yote. Msikubali kusema neno hilo, wala msikubali kuambiwa. Mkiambiwa, ulizeni kwa adabu: ni nani aliyeandika? Naye akipatikana, mwelezeni kwa adabu hiyo hiyo. Huenda ni ndugu yenu wa shule hii.

Kwenu wenzangu tuliomaliza. Nimesikia leo mpango wa kuchangia chumba cha kompyuta. Naunga mkono, nami nitatoa fungu langu. Ila naomba tuongeze meza moja ndefu katika chumba hicho: juu yake ziwepo kompyuta ndogo zisizo na sanduku, redio mbovu, simu zilizokufa, spana, bisibisi, pampu, viraka, na baiskeli moja ya kufunguliwa na kufungwa. Mwanafunzi aliyekwisha kuirudisha baiskeli ikaenda hatashindwa kuutafuta mstari ulioharibika katika programu. Nami najitolea kuja mara mbili kila mwaka, wakati wa likizo yangu, kufundisha namna ya kuandika kurasa za mtandaoni. Nitakuja kwa baiskeli ikiwa Mwalimu Mkuu ataniruhusu kuiegemeza ukutani kwa jiko.

Mwisho, Mwalimu wetu yumo ukumbini humu, amekaa mstari wa mbele. Ameniruhusu niisimulie habari hii kwa sharti moja, kwamba nisimtaje jina. Nilimwambia, "Mwalimu, safari hii najua kuliandika." Akasema, "Najua. Lakini mimi ningependa wakumbuke baiskeli."

Mwalimu, shikamoo.